Mahindi ya Ukungu na Mama Mkwe Niliyemsingizia

Wapendwa katika Kristo, nawasalimu. Naomba mniruhusu niseme nikiwa nimekaa, mwili bado haujarudi vizuri. Hata hivyo Bwana ametenda, na leo sitaki kunyamaza.

Ndugu zangu, mimi ni mkulima wa kule Kang'ata. Mwaka ule tulivuna mahindi mvua ikiwa bado inanyesha. Hatukuwa na turubai la kuanikia. Tuliyajaza kwenye magunia yakiwa na unyevu, tukayalaza sakafuni. Baada ya muda nikafungua gunia, nikakuta ukungu wa kijani. Nilichambua yaliyooza sana, mengine nikayaosha, nikaanika, nikapeleka mashineni. Ningetupaje chakula na watoto wana njaa? Nilijua moto wa jikoni unaua kila kitu.

Tukaanza kuugua. Kutapika, tumbo kujaa, macho kuwa ya njano. Mbwa akafa. Kisha binti yangu Rehema, wa miaka sita, akafa mikononi mwangu tukiwa njiani kwenda zahanati.

Nyumba nzima tuliugua isipokuwa mtu mmoja, mama mkwe wangu. Yeye ugali wa mahindi humsumbua tumbo, kwa hiyo hujipikia wa muhogo kwenye chungu chake. Majirani wakanong'ona kuwa ni mchawi, nami nikaamini. Nilisimama uani nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemla Rehema." Alifunga nguo zake kwenye khanga, akaenda kwa binti yake huko Kilole.

Ndugu zangu, nilifunga, nilikesha, niliombewa. Jioni nikirudi nyumbani nasonga ugali wa unga uleule.

Mume wangu alipozidiwa tukamfikisha hospitali Korogwe. Wakamtundikia dripu. Daktari, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Mama, nyumbani nani hajaugua?"

"Mama mkwe tu."

"Yeye anakula nini?"

"Muhogo."

"Na ninyi?"

"Mahindi ya shambani kwetu."

"Yalikauka vizuri kabla ya kuyahifadhi?"

Nikamweleza habari ya mvua na magunia. Mahindi yalipopimwa, akaniambia yana sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu. Kuosha hakuiondoi, wala kupika. Nilikaa kwenye benchi la korido nikaona mikono yangu mwenyewe, ile iliyomlisha Rehema.

Mchana ule mama mkwe, aliyesikia mwanawe amelazwa, akaja na uji wake. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Nimekukosea. Haukuwa uchawi, yalikuwa mahindi. Nisamehe."

"Marahaba," akasema. "Nimechoka, mwanangu. Mpe mumeo uji ungali moto." Akaketi kando yangu, hakuondoka mpaka jioni.

Mume wangu alipona. Tuliporudi nyumbani tulichimba shimo tukafukia mahindi yote, hata kuku hatukuwapa. Niliona uchungu kama wa mazishi. Miezi ile tuliishi kwa muhogo, aliyenifundisha kuupika ni yeye mama. Siku hizi tunaanika juu ya turubai mpaka punje ilie ikiumwa na jino, na magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta.

Ndugu zangu, Mungu hakunirudishia Rehema. Zipo asubuhi nainuka kwa shida, sina hata wimbo. Lakini aliniokoa na mambo mawili, sumu iliyokuwa chunguni na ile iliyokuwa moyoni mwangu. Namshukuru kwa daktari yule aliyeuliza maswali. Nawashukuru ninyi mliotuletea unga wa muhogo.

Kama una gunia lenye ukungu nyumbani, usilionee huruma. Njoo useme, tutagawana kilichopo. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, mwombee huku ukimpeleka hospitali. Na kama umemnyooshea mtu kidole kama mimi, nenda kwake leo. Unaogopa, najua, hata mimi niliogopa. Mtegemee Bwana, atakwenda pamoja nawe mpaka mlangoni kwake. Amina.