Mzee Kadi wa Masjala na Televisheni ya Kumuaga

Ndugu wafanyakazi wenzangu, kabla hamjafika mstari wa pili nawaomba kwa heshima zote: neno lolote mtakalolikuta humu lisitoke. Lisisomwe kwa sauti, lisisahauliwe juu ya mashine ya kunakili, na zaidi ya yote lisishuke ngazi kwenda masjala. Wasifu utakaosomwa siku ya sherehe ni mwingine, mfupi, na Mkuu wa Utumishi ameshaupitia. Huu ni wenu tu. Nimeuzungusha kwa mkono, meza kwa meza, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele, ingawa kuieleza kunanitia aibu.

Ijumaa ya wiki ijayo, saa tisa na nusu alasiri, mtunza masjala wetu atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi mitano. Jina lake kamili limo katika daftari la utumishi. Sisi wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, tunamwita Mzee Kadi, naye huitika.

Alianza kama tarishi, akibeba mafaili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Lifti haikuwepo, na wanaomkumbuka enzi hizo wanasema alikuwa akipanda ngazi mbili mbili. Mwaka wake wa nne aliingizwa masjala kwa muda tu, kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Yule mama alihamia ofisi nyingine, mtoto wake sasa ana watoto, na ule muda wa Mzee Kadi ndio unaoisha Ijumaa.

Jina la Kadi alilipata kwa sheria yake. Kila faili linalotoka kabatini huacha kadi nyekundu mahali pake, yenye jina la aliyelichukua na tarehe. Hakuna msamaha. Mkurugenzi aliyepita aliwahi kuondoka na faili bila kusaini. Mzee alimfuata hadi kwenye gari, akagonga kioo, akampa kalamu. "Mheshimiwa," alimwambia, "cheo chako mimi nakijua, lakini kabati halikijui." Mheshimiwa alishuka akasaini juu ya boneti.

Dereva wetu mkubwa naye ana lake. Barua yake ya kuajiriwa ilipotea, na bila barua hiyo miaka sita ya kazi yake ilikuwa inakwenda na maji. Watu walipekua mafaili ya watumishi wiki nzima. Mzee aliporudi likizo alikuna kidevu, akaenda kwenye kabati la mafaili ya matairi, akarudi na barua mkononi. Karani wa zamani aliona neno "dereva" akaamua liwe jirani na magari. Mpaka leo dereva akikutana naye husema, "Huyu ndiye aliyenitoa kwenye matairi," na Mzee hujibu, "Tena ulikuwa umeshaanza kuishiwa upepo."

Mwaka ule paa lilipovuja, aliokoa mafaili mia nne kwa kuyaanika kwenye meza za kantini, nanyi mkala mmesimama siku mbili. Mpishi alimuuliza kama na sufuria zake azifungulie faili. Alijibiwa, "Zifungulie, mama, maana vijiko vyako vinapotea kila wiki."

Mimi nina miaka miwili tu hapa. Siku yangu ya kwanza niliogopa hata kuuliza choo kiko wapi. Nilikuwa nimesimama koridoni na bahasha yangu ya vyeti, na yeye, bila kunitazama usoni, alipita akasema, "Mlango wa mwisho kushoto, mwanangu, na kitasa kivute juu kidogo." Nadhani wengi wenu mna jambo kama hilo kwake. Ni mtu anayejua kila mmoja wetu kahifadhiwa wapi.

Sasa nifike kwenye televisheni.

Kamati ya kumuaga iliamua kumpa televisheni bapa kwa ajili ya nyumbani kwake, nami nikapewa kazi ya kujua ipi itamfaa, bila mwenyewe kung'amua. Sikuwahi kununua kitu kikubwa kuliko pasi. Kwa hiyo nilimdanganya. Nilimwambia nataka kumnunulia mama yangu televisheni na naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, je, angeweza kunisindikiza? Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Jumamosi saa tatu asubuhi nilimkuta ameshasimama mlangoni mwa duka, na koti lake la kazini, na futi kamba mfukoni. Duka lilikuwa halijafunguliwa. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Muuzaji alikuwa kijana mcheshi. Alitupeleka moja kwa moja mbele ya kubwa kuliko zote, imefunika nusu ya ukuta. "Mzee wangu, hii ukiiwasha tu, majirani wote wanazima zao!"

"Wakizima zao wataangalia wapi?"

"Si watahamia kwako!"

"Hujui majirani wangu," alisema Mzee, akasogea kwenye inayofuata.

Hachagui kwa kusimama mbele. Anakwenda pembeni kabisa, kushoto kisha kulia, kuona kama sura za watu zinapauka. Alieleza kwamba anayekaa mbele ni mmoja, wengine wote hukaa pembeni, na televisheni inayomjali wa mbele tu ina choyo. Aliomba aonyeshwe picha ya usiku, aone kama weusi ni weusi kweli au ni kijivu kilichojipaka. Alihesabu matundu ya waya nyuma, akauliza king'amuzi kitachomekwa wapi na spika wapi. Kisha akaomba sauti iongezwe, akatupa mgongo, akatembea hadi mlangoni, akasimama huko ameinamisha kichwa. Muuzaji aliniuliza kwa kunong'ona kama mzee ameudhika. Hakuwa ameudhika. Alikuwa anasikiliza kama maneno yanafika jikoni.

"Mama yako anakaa na nani?" aliniuliza aliporudi.

Nilimwambia ukweli, kwamba anakaa na wadogo zangu watano na shangazi.

"Basi hamsini. Inchi hamsini, mwanangu, usipungue hapo. Nyumba ya watu wengi, wa nyuma nao wana haki."

Tungeweza kuishia hapo. Lakini alimgeukia muuzaji akamuuliza swali ambalo sikulitarajia: hii, mtu akiiacha inaongea yenyewe, asiiguse, itaendelea?

"Ikikaa saa nne bila kuguswa rimoti inajizima, mzee. Inakuokolea umeme."

"Hiyo haifai. Sitaki inayochoka kabla yangu."

Muuzaji alicheka, akatuonyesha kwenye rimoti jinsi ya kuiondolea tabia hiyo. Mzee alimwomba arudie hatua zile mara mbili, kisha akazijaribu mwenyewe. Ndipo alipotueleza, kwa sauti ya mzaha, kwamba yake ya nyumbani ni ile yenye chogo, na kwamba picha ilikufa mwaka jana ikabaki sauti. Huiwasha akiingia na kuizima akienda kulala. Inazungumza, yeye anapika. "Watangazaji wote nawajua kwa sauti," alisema. "Sura zao sasa nimezisahau. Huyu wa taarifa ya habari siku hizi ana mafua, sijui kama anakunywa dawa."

Muuzaji alicheka tena. Mimi nilijifanya nasoma karatasi ya dhamana.

Wengi mlimjua mkewe, yule mama aliyekuwa akija na mwavuli kumchukua siku za mvua. Amefariki mwaka wa sita huu. Binti yao anafanya kazi mbali na hupiga simu Jumapili. Hayo nilikuwa nayajua kama ninavyojua namba za mafaili. Pale dukani, mbele ya televisheni thelathini zinazoonyesha mpira mmoja, ndipo nilipoyaelewa.

Sasa kosa langu. Jumatatu niliandika barua kwa Mkuu wa Utumishi: "Ununuzi wa televisheni bapa ya inchi hamsini, zawadi ya kumuaga mtunza masjala." Niliamini nyumba yake nayo inastahili hamsini. Niliitia sahihi, nikaweka tarehe, na kwa mazoea nikaitumbukiza kwenye trei ya barua za ndani.

Nyote mnajua trei ile inakwenda wapi. Hakuna karatasi katika jengo hili inayomfikia mkubwa kabla ya kupita masjala ikafunguliwa faili na kupewa namba. Anayefungua ni yeye. Siri ya kamati nzima nilimkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, na sahihi juu. Nilikumbuka saa sita mchana. Nilishuka ngazi mbio. Trei ilikuwa tupu.

Saa nane faili lilikuwa mezani kwangu badala ya kwa Mkuu, limefungwa utepe, limepigwa mhuri wa SIRI. Karatasi ya kwanza, folio 1, ilikuwa barua yangu. Folio ya pili ilikuwa dokezo, kwa mwandiko wake ule ulionyooka kama kamba ya fundi:

"Folio 1 yahusika. Nashauri inchi thelathini na mbili. Sebule ni ndogo, na mtazamaji ni mmoja."

Sahihi, tarehe, basi.

Kesho yake nilipopeleka barua nilimwamkia, akaitika marahaba yake ya siku zote, akapokea bahasha moja moja. Nilipokuwa nageuka akauliza, "Mama ameshaamua?"

"Bado, baba."

"Asiharakishwe."

Nimekaa na dokezo lile siku tatu. Nililipeleka kwa mhazili wa Mkurugenzi, ambaye ni mwenyekiti wa kamati, naye alisema kwa huruma yake, "Kama mwenyewe kasema ndogo, si tumpe ndogo? Wewe unajitafutia nini?" Sina cheo cha kubishana na mtu, na tangu niajiriwe sijapata kuona mtu akipinga dokezo la Mzee Kadi, kwa sababu hakosei. Hata safari hii kuhusu sebule hajakosea. Nimeuliza, ni ndogo kweli.

Lakini mnielewe. Tukinunua thelathini na mbili tutakuwa tumetia sahihi chini ya maneno yale. Ofisi nzima, kwa kauli moja na kwa mhuri, tutakuwa tumekubali kwamba kuanzia Jumamosi ya kwanza ya kustaafu kwake mtazamaji ni mmoja. Mtu aliyetuhifadhi miaka thelathini na mitatu anapendekeza jinsi ya kutusumbua kidogo iwezekanavyo, nasi tunaandika "Nakubali".

Jana jioni niliandika folio ya tatu:

"Folio 2 imesomwa. Pendekezo halikubaliki. Watazamaji ni zaidi ya mmoja. Orodha imeambatishwa."

Baada ya kuandika ndipo nilipoona nilichofanya. Yeye mwenyewe alinifundisha kwamba faili halitaji kiambatisho kisichokuwepo. Orodha haipo. Ina jina langu tu, Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia saa kumi. Duka limekubali kutuwekea ile ya hamsini hadi Jumatano saa sita mchana. Saa hiyo nitapeleka faili masjala, likiwa na orodha au nikiwa nimeifuta folio ya tatu kwa mstari mmoja, kama taratibu zinavyotaka.

Kwa hiyo naomba majina, na siku. Si lazima kila wiki. Mwenye mpira wake aende na mpira wake, mwenye tamthilia aende na tamthilia. Dereva ameshaniuliza kama kuna mahali pa kuegesha. Ila naomba, kwa unyenyekevu, msiniandikie majina ya adabu. Anayemngoja mgeni asiyekuja huwa peke yake mara mbili, na afadhali tumnunulie ndogo kuliko kumfanyia hivyo.

Ijumaa tutasema hadharani yale anayostahili: asante kwa kila barua iliyopatikana, kwa kila kosa letu alilolirekebisha akanyamaza, kwa ngazi zote alizopanda. Tutamtakia afya, usingizi mzuri, na mlango unaogongwa mara kwa mara na watu wasio na shida ya faili lolote. Mimi naomba tu tuwe tunamaanisha.

Wa kunipata: ghorofa ya pili, meza ya tatu kutoka dirishani, nyuma ya kabati la vifaa. Simu ya ndani ni 214. Ikipokewa na mtu mwingine semeni mnaulizia wino wa printa, nitawapigia. Jina lisiandikwe kwenye karatasi yoyote itakayopita kwenye trei. Niambieni kwa mdomo, nitaandika mwenyewe. Mwisho ni Jumatano saa tano na nusu, ili nipate nusu saa ya kunakili vizuri.

Saa saba hadi saa nane sipo mezani. Muda huo hula chakula cha mchana chini masjala, mimi na yeye, na kuna viti viwili ambavyo sijawahi kuona mtu amevikalia. Ukinitafuta saa hiyo, habari za orodha ziache juu. Shuka na chakula chako, ukae.