Sikukanusha, Niliishiwa

Wanawake wenzangu, asalaam alaykum. Mimi mtu wa Jambiani, mkulima wa mwani. Nimekuja kwenye jumuiya hii ya waliofiwa kusema jambo ambalo kwetu lilikaribia kunitoa kijijini. Majina ya watu sitoyataja.

Mwaka juzi binti yangu alifariki akijifungua. Mtoto naye hakuishi. Vinguo nilivyomshonea vilikuwa bado kambani, vina maji. Kilioni wakanijia mmoja mmoja: "Shukuru, Mungu kampenda zaidi." Nikaitikia. Magharibi nikatandika mswala, nikanyanyua mikono, na ndani, ndugu zangu, nawaambia kweli, hamna kitu. Si hasira. Hasira ningeijua. Nikakunja mswala, haukutandikwa tena miezi minane.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, akanijia uani.

"Shemeji, nasikia umemkanusha Mungu."

"Nani kakwambia?"

"Husali!"

"Sisali, kweli. Lakini sijasema hayupo."

"Ni yale yale."

Ni yale yale! Maneno hayo yalinimaliza. Wenzangu wakaacha kunisubiri kwenda mwanini. Kwenye shughuli za harusi na maziko nikaambiwa nisiguse chungu, ati chakula cha mkono wangu hakiliki. Mwisho nami nikaanza kuwasadiki: labda kweli nimekanusha, ila sijijui. Hapo ndipo nilipoanguka hasa. Nikaacha kula. Mwani wangu ukachukuliwa na maji, sikujali.

Aliyeniinua ni bibi aliyenisomesha Kurani chuoni nikiwa mdogo. Aliniita kwake.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba. Watu wanasema umekanusha. Wewe wasemaje?"

"Sijui, Bi. Naitafuta imani, siioni."

Akanitazama sana. "Anayekanusha ana neno lake, kashalisema, na anajua kwa nini kalisema. Wewe huna neno. Umeishiwa tu. Sasa kwa nini unakubali kutiwa neno mdomoni?"

Nikalia palepale, mara ya mwanzo tangu maziko.

Haikupita wiki, shemeji akawaita watu wa ukoo barazani kwake, ati nitoe shahada upya. Nikaenda. Nikasimama mbele yao.

"Shahada sijaitupa, nitairejeshaje? Anayekataa ni mmoja, aliyeishiwa ni mwengine. Mimi nimeishiwa. Mkitaka kuniombea, niombeeni. Kunihukumu kwa nisilolisema, sikubali."

"Kaa kitako, mwanamke!" shemeji akafoka.

"Nshakaa miezi minane."

Nikaondoka kwa miguu yangu, na hakuna aliyenizuia.

Najua mnangoja niseme kwamba imani imerudi yote. Siku nyengine nasali na naisikia. Siku nyengine nakaa tu juu ya mswala, sina la kusema, na sijifanyi ninalo. Shemeji hanisalimii mpaka leo. Shauri yake.

Namshukuru Bi Mwalimu. Nawashukuru wale wanawake wawili walionirudia mwanini wakashika kamba za kufungia mwani pamoja nami, bila ya kuniuliza kitu. Na nyinyi mlionisikiliza leo bila ya kuguna, ahsanteni.

Na wewe uliyekaa huko nyuma, umejifunika uso: ikiwa ndani mwako kumenyamaza, asije mtu akakwambia umekanusha, ukamkubalia. Mwambie, "Hilo sijalisema." Kisha njoo ukae nasi. Hapa hatumuulizi mtu kabakiwa na imani kiasi gani.