Chapchap, Aliyetazama Ili Sisi Tusione

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni baba mdogo wa marehemu, nimepewa karatasi hii niwasomee, na nitaisoma yote, hata pale itakapotuuma.

Binti yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1996, mtoto wa kwanza wa kaka yangu, dereva wa lori, na shemeji yangu, mshonaji, na jina la Chapchap alilipata mwaka 2015, alipomaliza sekondari na kujiunga na mradi wa kompyuta kwa vijana, ambako mashine hazikutosha, hivyo akajizoeza kuchapa nyumbani kwenye kipande cha boksi alichokichorea herufi, na siku ya mtihani akawaacha wenzake mbali.

Tarehe 7 Januari 2019 aliajiriwa na kampuni ya kuchuja video za mitandaoni, kazi yake ikiwa kutazama watu wakichinjwa na watoto wakiteswa, kisha kufuta, na mkataba ulimkataza kusema hata kwa mama yake, nasi tulipoona kiti cha kuzunguka na kiyoyozi tukasema huyu ameula. Loh!

Tarehe 12 Desemba 2020 alifunga ndoa na fundi simu, wakajaliwa binti mmoja, Juni 2022, na baada ya uzazi akaacha kula nyama, akawa hawezi kumwogesha mwanawe bila kutetemeka, sisi tukasema anadeka, kazi ya kukaa inamchosha nini, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Februari mwaka huu mumewe alimpeleka hospitali, na humo ndimo alimomweleza daktari kila kitu, mumewe naye akisikia kwa mara ya kwanza, lakini presha ilikuwa imepanda mno, akapigwa na kiharusi, akafariki tarehe 19 Mei 2025.

Tunamshukuru daktari aliyemsikiliza bila kutazama saa, majirani wanaomlea mtoto hadi sasa, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokaa nyuma kabisa mkiogopa kutajwa, poleni sana, na tunawasihi mseme mapema.

Jana kampuni ilimpigia simu mdogo wake, naye ametoka mradi uleule, akazibe nafasi ya dada yake, na kijana wa watu alikuwa ameshapiga pasi shati. Mama yao ameniagiza nitamke mbele yenu kwamba haendi, afadhali walale njaa, na mwenye neno amfuate yeye.

Mwanangu, umeona ya kutosha, sasa fumba macho upumzike kwa amani.