Majina Yaliyobaki Chini ya Kioo

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Sabiri Uwesu anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Macho Nuru Unyanyembe kwa miaka ishirini na sita kamili. Rasimu ya kwanza ya maandishi haya ilisema "zaidi ya miaka ishirini na mitano". Aliiona mezani kwangu, akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika idadi yenyewe. Ni mtu wa kuhesabu, na sababu yake nitaieleza hapa, kwa idhini yake.

Bwana Sabiri alizaliwa mtaa wa Chemchem, mjini Tabora, katika nyumba ya mafundi cherehani. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1999 kama karani wa masjala, akiwa na baiskeli moja na mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wote wakiwekwa pamoja. Mwaka 2003 kituo kilipata kompyuta mbili kuukuu, zile za kioo cheusi na herufi za kijani, zisizojua picha wala rangi. Wengi wetu tulizifunika kitambaa ili zisipate vumbi. Yeye alijiandikisha kozi ya kompyuta kwa njia ya posta, akasoma mwaka mzima, kisha akaandika mwenyewe programu ya orodha ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji.

Tuliisifu sana programu ile. Unabonyeza herufi moja, majina yanajipanga kwa namba ya kuandikishwa. Bwana Sabiri aliijaribu kwa majina ya majirani zake wa Chemchem, kumi na wanane, na wote wakatokea bila hitilafu. Mei Mosi ya 2004 alipewa cheti cha mfanyakazi bora, tukampigia makofi.

Septemba mwaka huo gari la usajili lilishika njia ya magharibi, ile ambayo wapagazi wa zamani waliifuata kwenda Ujiji. Liliandika watu kuanzia vijiji vya karibu na mji, likazidi kwenda, mwisho likafika Ulyankulu. Bwana Sabiri aliyaingiza majina kwenye kompyuta kwa siku tatu, na hakuyahesabu. Madaktari wa upasuaji walikuja kila baada ya miezi minne, na aliyekwisha kufanyiwa hakufutwa kwenye orodha, bali aliwekewa herufi T ya "tayari", kwa sababu alitakiwa kurudi kuangaliwa.

Aliyekuwa kwenye dirisha la mapokezi ni mimi, Levina. Januari 2005 alikuja mama mmoja wa Ulyankulu, Demetria, na kadi yenye muhuri wetu. Nilitazama kioo, nikamwambia jina lake halimo. Mei akarudi, nikamwambia vilevile. Siku ileile majina yote niliyoyaona kwenye kioo yalikuwa na herufi T, nikatangaza kwamba njia ya magharibi imekwisha. Tulikunywa soda. Nilikunywa mbili.

Septemba Mama Demetria alikuja akishikwa mkono na binti yake. Nilipoanza kumjibu yale yale, aliketi kwenye benchi akasema hatoki. "Aliyeniandika ni mtu mzima, nilimwona akiandika," alisema. "Mtafuteni huyo." Nikamwita Bwana Sabiri, kwa kuwa ndiye aliyeyaingiza majina. Aliichukua ile kadi, akaisoma namba: thelathini na nne. Akatazama kioo. Mwisho ishirini.

Kioo kile kilikuwa na mistari ishirini na mitano, hapana zaidi. Mitatu ya juu ilibeba kichwa cha habari, miwili ya chini ilibeba maelekezo, ikabaki ishirini ya majina. Programu iliandika majina mpaka kioo kikajaa, halafu ikanyamaza. Haikusema kwamba wapo wengine. Walikuwepo thelathini na mmoja ndani ya mashine, salama kabisa, ila hapakuwa na njia ya kushuka kuwafikia. Na kwa kuwa gari lilianzia mjini, waliobaki chini walikuwa wale wanaotoka mbali kuliko wote.

Mama Demetria alifanyiwa upasuaji wiki hiyohiyo. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto, daktari alisema muda wake umepita. Bwana Sabiri alimwendea wodini, akampigia magoti mbele yetu sote, akamwomba radhi. Nilikuwepo, na sijasahau jibu. "Mimi nimeshaona, mwanangu. Kawatafute wenzangu."

Basi alifanya mambo mawili, na hayo mawili ndiyo utumishi wake, mengine yote ni nyongeza.

La kwanza ni programu. Aliiandika upya mara tatu. Mara ya kwanza iligeuza ukurasa mzima, ishirini kwa ishirini, na sisi makarani tukawa tunapotea, hatujui tumeachia wapi. Mara ya pili iliteremka jina moja moja: mashine inakumbuka ni jina la ngapi lililo mstari wa juu, ukibonyeza kishale inaongeza moja, na ishirini wote wanaandikwa upya kuanzia hapo. Ilifanya kazi, lakini kioo kizima kilikuwa kikizima na kuwaka kwa kila jina, hata Daktari Mkuu akalalamika kwamba kituo cha macho sasa kinatengeneza wagonjwa wake chenyewe. Mara ya tatu akafanya majina yapande taratibu na mstari mmoja tu mpya uandikwe chini. Kwenye maelekezo akaweka maneno ambayo kila karani hapa anayaota: JUU WATU 12, CHINI WATU 19. Na hakuna orodha inayofungika mpaka uteremke ufikie MWISHO WA ORODHA. Tulimlalamikia kwamba anatuchelewesha. Alisema ndiyo, anatuchelewesha.

Kutufundisha kulikuwa kazi nyingine. Alikata tundu la mstatili kwenye boksi tupu la dripu, akaandika majina hamsini na moja kwenye bandeji ndefu, akawa anaivuta bandeji nyuma ya tundu. Kinachoonekana ni tundu, alituambia, watu wako kwenye bandeji. Alikwenda na boksi hilo mpaka Isikizya kuwafundisha waandikishaji wa vijijini, na kondakta wa basi akamwuliza kama ndani mna kuku.

Mwaka 2019 tuliletewa mfumo mpya wenye rangi na picha, pamoja na mtaalamu kijana kutoka Dar aliyetuita sote "wakongwe". Ulikuwa mzuri. Swali la kwanza la Bwana Sabiri lilikuwa moja: karani atajuaje kwamba chini kuna watu? Kijana alimwonyesha kijistari chembamba pembeni mwa kioo, ambacho hujificha usipokigusa. Walikaa siku mbili. Kijana alipoondoka, mfumo ulikuwa na maandishi makubwa chini yanayotaja idadi ya waliobaki, na alikuwa anamwamkia Bwana Sabiri "shikamoo" kwa moyo mmoja.

Nyumbani nako hajapona. Kwenye harusi ya binti yake Najiat alimkatiza mshereheshaji katikati ya salamu, akitaka atangaze bado wasemaji wangapi. Ukumbi ulicheka sana, na wasemaji wakafupisha.

La pili ni watu wenyewe. Wale thelathini na mmoja aliwaandika kwenye daftari dogo, akatumia likizo zake kuwafuata, kwa basi, kwa baiskeli, mara nyingine kwa miguu, na barua ya Daktari Mkuu mfukoni. Alihesabu kila aliyempata. Ishirini na wanane, akiwemo Mama Demetria, walifanyiwa upasuaji. Wawili alikuta wameshafariki, akakaa na familia zao na kuwaeleza ukweli jinsi ulivyokuwa, jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya. Tangu mwaka ule kila Mei Mosi ameomba cheti apewe mwingine.

Amebaki mmoja, aitwaye Tarsisi. Aliwahi kusikia kwamba yuko Bukene, akapanda treni, akampata Tarsisi mwingine, fundi seremala mwenye macho makali kuliko ya daktari. Hakuwa yeye. Fundi huyo alimlazimisha ale chakula cha mchana, na mpaka leo anatuletea wagonjwa wa upande wa Nzega. Bwana Sabiri alirudi akicheka, kisha akaingia masjala akafunga mlango. Nilimsikia analia. Sikugonga.

Kamati ya sherehe ilimwuliza anataka zawadi gani, ikataja jokofu, ikataja godoro. Aliomba nafasi kwenye ratiba hii. Tunampa:

Tarsisi Bukuru, mwanamume, aliandikishwa Ulyankulu Septemba 2004, namba 47 ya njia ya magharibi. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na moja, ukungu macho yote mawili, na kovu la moto mkono wa kushoto. Majirani walisema alihama kwenda kulima tumbaku. Ukimfahamu, au ukimfahamu mtoto wake, mwambie hahitaji kadi wala barua. Aje ataje jina lake tu. Tulimwambia halimo, na lilikuwemo.

Bwana Sabiri, kituo kinakushukuru, na mimi nakushukuru kwa namna yangu, kwa sababu kosa lile lilikuwa letu wawili na wewe ukalibeba kama la kwako peke yako. Pumzika Chemchem na mama Najiat na wajukuu. Mungu akupe afya, akupe siku nyingi za amani, na usingizi mzuri. Daftari ulilomkabidhi jana Zamda, karani anayeshika nafasi yako masjala, tumelisoma. Jumatatu ijayo gari linakwenda Ulyankulu, na mimi nimo ndani yake.