Mbuzi Wenye Majivu Mdomoni

Mwangaluka, ndugu zangu. Wageni wetu wa kutoka Mwanhuzi, karibuni Bariadi. Mwenyekiti wa kikundi ameniomba nieleze mbuzi wangu walifikaje kutoa maziwa wanayotoa sasa. Nitaeleza. Ila maneno ya maziwa ni machache, na kabla yake kuna jambo la aibu. Jina la mtu sitataja, lakini kosa langu nitalitaja lote.

Nilipewa mbuzi watatu wa maziwa, majike. Mume wangu alishafariki, watoto wawili bado wadogo, nikasema hapa nimepona. Nikajenga banda la kuinuliwa kama tulivyofundishwa, mlango nikaufunga kwa kamba. Chakula nikawapa mabua ya mahindi na pumba, basi. Mimi ni binti wa wafugaji wa ng'ombe. Kwetu tumbo likijaa, mnyama ameshiba. Msicheke, nanyi mlifanya hivyohivyo.

Kiangazi kilipoingia, maziwa yakapungua. Hilo ningelivumilia. Kilichonitia hofu ni kingine. Siku moja narudi kutoka kuchuma pamba, mlango umefungwa, fundo la kamba ni lilelile nililofunga asubuhi, mbuzi wamo ndani, wawili na vitoto vyao, wa tatu na mimba yake, na midomo yao ni myeupe. Nikapangusa kwa kidole. Majivu. Nikakimbilia jikoni kwangu, majivu ya mafiga hayajaguswa. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile.

Jumapili nikiwa nyumbani, jua limesimama katikati, nikaona wote watatu wanaacha kutafuna kwa wakati mmoja. Wakageuka, wakatazama magharibi. Hawakulia, hata masikio hayakucheza. Nilikaa mlangoni nikiwa na ungo mapajani, nikasikia baridi mgongoni kwenye jua lile la Simiyu mnalolijua.

Upande ule wa magharibi anakaa mama mzee, mjane kama mimi. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama wa umri wake. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Nanyi mnajua huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee husemwaje: ni ya mchawi.

Kisha yule mwenye mimba akazaa. Kitoto kilitoka kimekufa. Mama yake akalala chini, hakuinuka tena. Shingo yake ilipinda ikaelekea nyuma, nikiinyoosha inarudi kulekule, na macho yake yako magharibi. Alikufa akitazama nyumba ya yule mzee. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilimchukia mtu ambaye hajawahi kunikosea.

Nikaenda kwa mganga, na kuku wangu kwapani. Akampasua, akatazama ndani, akasema adui yako yuko upande jua linakozama. Sikumuuliza zaidi. Nikalibeba neno lile mpaka kisimani, nikawaambia wanawake wawili, tena kwa kunong'ona, kana kwamba kunong'ona kunapunguza dhambi.

Haikupita wiki, wakaja wanaume wawili nisiowafahamu. Asubuhi, watu wapole, wamevaa safi. Nikawapa uji, wakanywa, wakasifu. Mmoja akaniuliza, "Yule mama jirani yako anakwenda kisimani saa ngapi?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Analala peke yake?"

Ndipo nikaelewa: neno langu limewafikia watu wanaoua wazee. Uji ulionisalia kwenye kata ukanimwagikia mguuni, na sikusikia moto wake. Niliwajibu kwamba sijui. Wakashukuru, wakaondoka taratibu wakipita njia ya magharibi.

Nilikwenda shambani kwa mazoea tu. Nilishindwa kuchuma. Saa sita nikatupa kapu nikakimbia kwa yule mzee, sijui nikamwambie nini. Nilipofika uani nikasimama. Mbuzi wangu wawili walikuwa pale, wamezamisha vichwa katika jalala la majivu, wanalamba kimya. Na mayu yuko kwenye ua wake wa mlonge, mti pekee uliobaki kijani kiangazi kile, anavunja matawi na kuwawekea.

"Wanakuja kila siku jua likisimama," akaniambia bila kugeuka. "Ubao wa nyuma wa banda lako umelegea, wanausukuma kwa kichwa. Wakishashiba wanarudi kunyonyesha. Nikiwafukuza wanarudi, nikaona niwape tu."

"Mbona hukuniambia, mayu?"

"Ningekuja kwako vipi, mwanangu? Watoto wako wanakimbia wakiniona."

Nililia pale pale, nikamwambia yote: kuku, kisima, wale wawili. Aliingia ndani akafunga mlango, nikasikia akiburuta kinu kuuzuia.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kesho yake saa sita tukawa watu wengi nyuma ya ua ule, na wale wanawake wa kisimani nikawaleta mwenyewe. Tukangoja. Jua liliposimama, mbuzi wakaja peke yao, wakapita katikati ya miguu yetu kama vile hatupo, wakazamisha vichwa kwenye majivu. Nikasema mbele ya wote: mchawi hapa ni mdomo wangu. Mwenyekiti akatangaza kwamba mama huyu akiguswa, kitongoji kizima kitajibu. Wale wawili hawakuonekana tena.

Mtaalamu wa mifugo wa kata, dada mmoja mdogo, ndiye aliyenifundisha mengine. Mbuzi anayekamuliwa anatoa madini mwilini kila siku kupitia maziwa. Asiporudishiwa, atayatafuta hata kwenye jalala. Yule aliyepinda shingo aliishiwa madini ya chokaa, na sindano ingewahi angepona. Sasa navuna majani ya mlonge na ya lusina, ule mti wa malisho, nayakausha kivulini, juani yanapoteza nguvu. Nayatwanga, nawachanganyia kwenye pumba asubuhi na jioni, kwa kiasi. Lusina ukizidisha utawadhuru. Maganda ya migunga nayatwanga pia, kiangazi. Jiwe la chumvi linaning'inia bandani. Maziwa yamerudi, watoto wanakunywa, na vitoto vinazaliwa vikiwa vimesimama.

Ubao nimeupigilia misumari. Lakini jua likisimama, mbuzi wale bado wanaacha kutafuna, wanatazama magharibi. Wameshiba, madini wanayo. Nimemuuliza mtaalamu, naye hajui.

Namshukuru dada yule, namshukuru mwenyekiti wa kitongoji, na ninyi wa kikundi mlionipa mbuzi mwingine wakati sistahili hata kusalimiwa. Somo langu ni hili: mnyama wako akikutisha, mfuate uone anakwenda kula nini, kabla hujambebea jirani neno kisimani.

Mbegu za mlonge nilizoleta hapa leo ni za mayu. Kuja amekataa. Kila asubuhi nampelekea kikombe cha maziwa, naita jina langu mara tatu kutoka mbali. Anayapokea, na ananishukuru. Lakini kabla hajaondoa kinu mlangoni, mchana kweupe, huniuliza kila siku: "Uko peke yako?"