Mvi Nyuma ya Sikio

Njooni karibu, wanangu, kabla muuguzi hajarudi na kile kitanda cha magurudumu. Wewe dada mtu keti hapa chini, mgongo kwangu, nikusuke huku nasema, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Na wewe Bonge, mdogo wake, acha kubonyeza kengele ya watu, tulia.

Moyo wangu wanaupasua leo na naogopa, siwafichi, naogopa mpaka meno yanagongana, na sindano waliyonichoma imeanza kunilegeza, kwa hiyo nisikilizeni nikiwa bado nasikika. Kiti cha saluni na vioo vyote ni vyako, dada mtu. Redio ni ya Bonge. Mama yenu mdogo, yule aliyeniamkia "shikamoo bibi" mbele ya wateja wangu siku mvi ziliponitoka, na ujana wangu wote ule, wakacheka saluni nzima, sijamsamehe, akija msimfungulie. Hakujua zimetoka wapi. Zimetoka kwenye kifafa cha Bonge, miaka yote hiyo nalala sikio wazi nasikiliza anavyopumua. Daktari aliniambia hofu ikikaa mwilini muda mrefu inaweza kuimaliza rangi ya nywele huko huko kwenye mashina. Nikapaka rangi nyeusi, nikaendelea kusuka.

Sasa Bonge namwacha mikononi mwako, mama. Akianguka mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na usiku usilale fofofo, uwe una...

Ngoja. Inamisha kichwa. Geukia dirishani.

Hii nini, hapa nyuma ya sikio? Na hii. Na hizi. Mwanangu, una miaka kumi na moja. Tangu lini hulali?

"Tangu uanze kuugua, mama. Huwa nawasikiliza wote wawili."

Basi nafuta. Yote niliyosema juu ya Bonge nayafuta, mmesikia? Kiti chukua, vioo chukua, hofu yangu usiichukue. Mama yenu mdogo yuko kwenye benchi hapo nje tangu asubuhi, nimejifanya simwoni. Mwite. Mwambie usiku Bonge ni wake, wewe ulale chumba kingine, mlango ufungwe. Na amalizie kichwa hiki, nimefika nusu, vidole vimekufa ganzi...

Magurudumu hayo. Msilie. Mungu awape usingizi, wanangu, usingizi mzito, jua liwakute bado mmelala... Usizing'oe hizo mvi, mama. Mwache asuke juu yake... taratibu... asikuvute.