Aliyetufundisha Kuogopa Kuitwa: Mwalimu Phineas Menza Kahindi, 1971–2025

Jamaa, majirani na marafiki mliofika hapa Mwakirunge, tunawashukuru. Tumekuja kumzika Mwalimu Phineas Menza Kahindi, na tumekuja pia na neno ambalo limekuwa likitembea mtaani kwake Mtopanga: kwamba Mwalimu alianguka, akamwita binti yake Mwende, na Mwende akanyamaza. Neno hilo ni kweli. Familia imekubaliana lisomwe mbele ya jeneza lake, pamoja na maisha yake, ili atakayelisimulia kesho alisimulie lote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 hapa Mwakirunge, mtoto wa tatu wa Mzee Kahindi Menza, aliyekuwa akichimba mawe Bamburi, na Mama Kadzo. Mama yao aliwalea kwa onyo ambalo wengi wenu mlilelewa nalo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, kwa maana kisichokuwa mtu hakiiti mara tatu. Siku moja Mzee Kahindi alirudi kutoka kazini na kiu, akaita mara mbili kutoka uani. Phineas alikuwa nyuma ya mlango, mtungi mkononi, akisubiri. Mzee aliingia, akamtazama, akamuuliza, "Kwani mimi ni jini?" Fimbo aliyochapwa siku hiyo aliisimulia kwa kicheko maisha yake yote, lakini onyo la mama yake hakuliacha.

Alisoma shule ya msingi Kisauni, kisha shule ya bweni Kilifi, ambako alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1989. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta, akahitimu mwaka 1995 katika Kiswahili na fasihi. Wenzake wa chuo wanasema alikuwa akiingia sinema za kutisha peke yake na kutoka akipiga mluzi.

Alifundisha shule ya upili Changamwe tangu mwaka 1996. Kuanzia mwaka 2009 aliandika uhakiki wa filamu katika gazeti la kila wiki, na baadaye akawa akiusoma mwenyewe redioni kila Jumamosi asubuhi. Sauti yake mnaikumbuka: nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeshuka ngazi gizani akijua kila kidato. Wako waliomjua kwa sauti hiyo miaka kumi bila kuiona sura yake.

Tarehe 14 Desemba 2002 alimwoa Bi Milcah, mzaliwa wa Machakos aliyekuja Mombasa kwa kazi ya ofisi, katika kanisa moja la Changamwe. Walijaliwa watoto wawili: Mwende, aliyepewa jina la mama mzazi wa Milcah, na Kahindi, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu. Marehemu alisema nyumba yake ina majina mawili tu ya kuita, na yote mawili ni ya wazee waliokwisha kufa, hivyo yaitwe kwa adabu.

Mwaka 2023 ilikuja filamu ya kigeni iliyotangazwa hapa kwa jina la Mwitaji. Habari yake ni dubwana linaloishi katika machimbo yaliyojaa maji. Kila mtu linayemmeza, linabaki na sauti yake, na kwa sauti hiyo linawaita jamaa zake mmoja mmoja. Wahakiki wa ng'ambo waliicheka, na wa Nairobi wakawafuata. Waliandika kwamba dubwana lenyewe ni mpira uliotoboka, kwamba mshono unaonekana mgongoni. Hussam, mwenye ukumbi wa video pale Mtopanga, alibandika picha ya dubwana hilo mlangoni na vijana wakawa wanaipita wakisema hilo ni gunia la mkaa lenye meno. Alitaka kuibandua. Marehemu alimwomba aisubirishe mpaka Jumamosi, kwa sababu ameitazama filamu yenyewe na hakulala.

Jumamosi hiyo alisoma redioni: "Wenzangu wamelitazama dubwana. Mimi nimelisikia. Fumba macho linapoita, kisha uniambie kama uko tayari kuitika."

Jioni ile watu walijaa kwa Hussam mpaka barazani. Filamu ilikuwa ileile, na mshono ulikuwa palepale mgongoni, ila hakuna aliyeutazama tena. Watu wazima walikaa wamefumba macho. Sauti ilipoita, ukumbi mzima ulibana pumzi. Mhakiki mmoja wa Nairobi aliyeicheka aliitazama upya na kuandika kwamba mara ya kwanza alikuwa amekosea mahali pa kuogopa. Marehemu aliukata ukurasa ule akauweka ndani ya Biblia yake. Alisema hiyo ndiyo kazi ya mhakiki: picha ni ya mwenye picha, yeye humwonyesha mtazamaji aogope wapi.

Lakini hofu ikishaonyeshwa njia haibaki ukumbini. Mtopanga ilianza kunyamaza. Mtu aliitwa dukani akageuka kwanza, akahesabu. Bi Rahima, jirani anayetuuzia mahamri, alikuja kumshtaki Marehemu mlangoni kwake. "Mwalimu, wallahi umenikosesha mtoto. Namwita mpaka koo lakauka, naye amejifungia msalani angojea mara ya tatu."

Marehemu alimwambia, "Basi anza na ya tatu, Bi Rahima."

Walicheka wote wawili. Mwende alikuwa hapo sebuleni, akacheka pia. Ila mama yake anasema tangu mwezi ule binti hakuitika tena ndani ya nyumba yao wenyewe kabla hajachungulia ni nani.

Mwezi wa Novemba 2024 Marehemu alianza kukauka sauti. Hospitalini kisiwani alikutwa na uvimbe kooni. Alitibiwa, na sauti ikarudi, lakini haikuwa yake: nyembamba, yenye maji, ikitoka kana kwamba mwingine anaisukuma kutoka chini. Redio aliiacha. Nyumbani akawa anaandika anachotaka kwenye simu na kuwaonyesha. Bi Milcah alimsihi azungumze hata kidogo, kwani wao hawaichukii sauti hiyo. Marehemu aliandika: "Mimi naiogopa." Akikohoa usingizini aliamka akitazama nyuma ya kitanda. Mtu ambaye hakuna filamu iliyowahi kumtisha ila moja, sasa aliibeba ile moja kooni.

Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, mchana, mvua ikinyesha juu ya mabati, Bi Milcah alikuwa kazini Miritini na Kahindi yuko shuleni. Marehemu alikwenda kuoga, akateleza, akavunjika nyonga. Simu ilikuwa kitandani. Mwende alikuwa jikoni akisonga ugali. Alisikia jina lake. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyekuwa amemwita kwa sauti katika nyumba ile wakati mama yake hayupo. Likaja mara ya pili. Alisimama na mwiko mkononi akingoja la tatu, nalo halikuja. Marehemu alikuwa ameishiwa pumzi ya kuita.

Hapo ndipo neno linalotembea Mtopanga hukoma. Kilichofuata tunacho kwa Bi Rahima, ambaye yupo hapa nasi. Mwende alitoka mbio kwenye mvua mpaka kwake, akamwambia kwamba kuna kitu ndani ya nyumba kinamwita, na hamwoni baba yake. Walirudi pamoja hadi kizingitini. Sauti ilikuwa bado ikikoroma huko ndani. Bi Rahima, na hili analisema mwenyewe bila aibu, alimshika mkono, akamwambia wangoje wanaume.

Mwende akamjibu, "Kama limemmeza, limemmeza babangu." Akajinasua, akatangulia kuingia.

Marehemu alilazwa siku hiyohiyo. Daktari aliieleza familia kwamba uvimbe ulikuwa umekwisha kufika mapafuni, na kwamba dakika zile hazikumpunguzia uhai wake. Kitandani Mwende alimwomba msamaha. Marehemu alimvuta karibu akamwambia, "Hata mimi nisingeitika." Hakusema hivyo kumtuliza. Macho yake yalikuwa mlangoni, na mkono wa binti yake hakuuachia mpaka alipolala. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, alfajiri, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, Bi Milcah, mwanawe Kahindi, mama yake mzazi, Mama Kadzo, ndugu zake Margret na Kai, wanafunzi wengi, na wasikilizaji wasiohesabika. Ameacha pia binti yake Mwende, ambaye aliamini kwa moyo wake wote kwamba lile dubwana limo ndani ya nyumba, akaingia kumtafuta baba yake akiwa na mwiko wa ugali. Anayetaka kumsimulia, amsimulie hivyo.

Mungu amlaze Mwalimu Phineas mahali pasipo hofu.